Rekodi za Silikoni, Kuanzia Pumba za Ipinda

Gunia la kilo 100 la mpunga likikobolewa hutoa kilo 20 hivi za pumba. Pumba zikiungua zikawa jivu, hubaki kilo 4 hivi, na karibu sehemu tisa kwa kumi za jivu hilo ni oksidi ya silikoni, kitu kilekile kinachofanya mchanga na kioo. Ukiiondoa oksijeni unabaki na silikoni inayozidi kilo moja na nusu. Hilo ni gunia moja tu. Anayepita Ipinda au Kyela mjini baada ya mavuno huona vichuguu vya pumba nyuma ya mashine za kukoboa, vingine vikisubiri kuchomea matofali, vingine vikiachwa vioze kwa mvua.

Kyela inajulikana kwa mchele unaonukia, kwa kakao na kwa ufuo wa Matema. Hakuna anayeitaja kwa silikoni, nami naona inastahili kutajwa. Nimekusanya hapa rekodi za kitu hicho: iliyosafiri mbali, iliyo safi, iliyo ndogo, iliyotulia kwa muda mrefu. Chache zimewekwa na maumbile kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Nyingi zimewekwa katika maabara za Sydney, Manchester, Delft ya Uholanzi na Vancouver ya Kanada, na waliozifanyia kazi usiku na mchana ni vijana wanaosomea shahada ya uzamivu au waliotoka kuimaliza na kupewa mkataba wa utafiti wa miaka miwili mitatu. Wanachofanya ni kuitengeneza silikoni na kuitia atomu chache ngeni, ili iweze kubeba kompyuta na vifaa vya kwanta.

Nafaka inayoongoza kwa kula silikoni

Katika mazao makuu ya chakula, hakuna linalonyonya silikoni kama mpunga. Shina na majani yake yakikaushwa, silikoni inaweza kufika asilimia 10 ya uzito. Mwaka 2006 timu ya Jian Feng Ma wa Chuo Kikuu cha Okayama, Japani, ilieleza katika jarida la Nature jeni inayoiwezesha mizizi ya mpunga kuivuta silikoni kutoka kwenye maji ya udongo. Mmea huisafirisha hadi kwenye majani na maganda, ikagandia huko, jani likasimama wima na ugonjwa wa ukungu ukapata taabu kupenya.

Bonde la Kyela halikosi silikoni ya kulisha mpunga wake. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inateremka kutoka nchi ya Rungwe, ambako udongo ni majivu ya volkano. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa takriban miaka 4,000 iliyopita na kumwaga mawe yake mepesi juu ya nchi pana. Kioo cha volkano huyeyuka majini upesi kuliko mchanga wa kwatzi. Mvua inanyesha juu, mto unabeba, jaruba linapokea, na kinachobaki kinaingia ziwani.

Ziwani nako kuna walaji. Daiatomu ni mwani mdogo usioonekana kwa jicho, unaojijengea ganda la oksidi ya silikoni. Aina moja yake inaitwa Aulacoseira nyassensis, kwa jina la Nyasa lenyewe. Ilielezwa kisayansi mwanzoni mwa karne ya 20 na Otto Müller wa Ujerumani, kutokana na sampuli alizokusanya daktari wa jeshi Friedrich Fülleborn alipokuwa Langenburg, kituo cha Wajerumani ufukweni kusini ya Matema. Mwani ukifa, ganda huzama. Ziwa hili lina kina cha mita 700 hivi, na chini ya mita 250 maji yake hayana oksijeni, kwa hiyo kinachozama hakichimbuliwi na konokono wala mdudu. Kinakaa tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka.

Iliyosafiri mbali

Mwaka 2005 wanasayansi waliteremsha bomba la kuchimbia katika ziwa hili, mahali penye maji ya kina cha mita 592, wakachimba tope hadi mita 380 chini ya sakafu ya ziwa. Tope walilolipata lina kumbukumbu ya zaidi ya miaka milioni moja ya mvua na ukame. Shimo jingine lilichimbwa upande wa kaskazini, karibu zaidi na kwetu.

Katika tope hilo Christine Lane na wenzake walikuta vipande vidogo sana vya kioo, wakachapisha habari zake mwaka 2013. Havikuwa vya Rungwe. Muundo wao wa kemia ulionyesha kuwa vimetoka katika mlipuko wa Toba, kisiwa cha Sumatra, Indonesia, miaka 75,000 iliyopita. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 7,000 kuvuka Bahari ya Hindi. Kabla ya hapo majivu ya Toba hayakuwa yamekutwa mbali namna hiyo. Ugunduzi huo uliitikisa nadharia iliyodai kwamba Toba ilileta baridi kali ya miaka mingi iliyokaribia kuwamaliza binadamu, kwa kuwa tope la ziwa halikuonyesha dalili ya baridi hiyo Afrika Mashariki. Naiweka rekodi hii juu kuliko nyingine zote za asili nilizozitaja, kwa sababu punje chache za oksidi ya silikoni zimeitikisa hoja kuhusu hatima ya mababu wa watu wote.

Atomu ngeni inafanya nini

Silikoni iliyo safi kabisa haipitishi umeme vizuri. Kila atomu ina elektroni nne za nje, na zote zinashughulika kuungana na atomu nne jirani. Ondoa atomu moja na uweke ya fosforasi, yenye elektroni tano za nje: nne zinaungana na majirani, ya tano inabaki bila kazi na inaweza kutembea. Ukiweka boroni, yenye tatu, unaacha nafasi tupu. Tia fosforasi upande mmoja wa kipande cha silikoni na boroni upande wa pili, kisha kiache juani, na umeme utatoka. Hicho ndicho kidirisha cha sola kilicho juu ya paa la duka la Matema.

Kidirisha cha kwanza cha silikoni chenye manufaa kilionyeshwa Marekani na maabara za Bell mwaka 1954, kikigeuza asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Mwaka 2024 kampuni ya LONGi ya China ilifika asilimia 27.3. Kikomo cha nadharia kwa silikoni peke yake ni asilimia 29.4, kwa hiyo mbio hizo zimekaribia ukingoni.

Mbio za kwanta ndizo bado mbichi. Mwaka 1998 Bruce Kane, aliyekuwa Chuo Kikuu cha New South Wales mjini Sydney, alipendekeza jambo lililoonekana la kishupavu: atomu moja ya fosforasi ndani ya silikoni itumike kuhifadhi taarifa. Elektroni yake, na hata kiini chake, vina tabia ya usumaku iitwayo spini. Spini inaweza kuelekea juu, ikaelekea chini, au ikawa katika mchanganyiko wa hali zote mbili kwa pamoja. Kitu kinachoweza kuwa katika mchanganyiko huo huitwa kubiti, na mchanganyiko huo ndio unaoipa kompyuta ya kwanta uwezo ambao kompyuta ya kawaida haina.

Shida ni kwamba mchanganyiko huo huharibika upesi. Silikoni ya asili, iwe ya pumba za Ipinda au ya machimbo ya kwatzi ya Marekani, ina isotopu tatu, yaani aina za atomu zinazotofautiana uzito: silikoni 28 ni asilimia 92.2, silikoni 29 ni asilimia 4.7, na silikoni 30 ni asilimia 3.1. Kiini cha silikoni 29 nacho kina spini. Kubiti iliyozungukwa na viini hivyo ni kama mtu anayetaka kusikia mnong'ono katikati ya gulio. Ndiyo maana karibu kila rekodi inayofuata inahusu kuondoa kitu: kuondoa isotopu, kuondoa joto, kuondoa atomu zilizozidi.

Tufe la mviringo kuliko yote

Kabla ya wanakwanta kuitaka silikoni 28, wapimaji wa uzito walikuwa wameshaifuata. Walitaka kuzihesabu atomu zilizomo katika kilo moja, ili kilo isitegemee tena kipande cha chuma kilichofungiwa karibu na Paris. Silikoni 28 ilitenganishwa kwa mashine za kuzungusha gesi nchini Urusi hadi usafi wa asilimia 99.99, fuwele ikakuzwa Berlin, kisha tufe likasuguliwa Australia na fundi mkuu Achim Leistner. Kipenyo chake ni milimita 94 hivi, na kasoro za mviringo wake zilipimwa kwa makumi ya nanomita. Matufe ya mradi huo yanahesabiwa kuwa vitu vya mviringo kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa na mkono wa binadamu.

Hesabu ya atomu ilisaidia kuandaa fasili mpya ya kilo, iliyopigiwa kura Versailles Novemba 2018 na kuanza kutumika Mei 20, 2019.

Sasa rudi kwenye gunia. Ndani ya pumba za gunia moja la mpunga wa Kyela kuna silikoni 28 ya kutosha tufe moja la namna hiyo, na nyingine ikabaki. Kilichoko Urusi na hakiko Ipinda ni ujuzi wa kuitenganisha. Nasema hivi bila kutaka kumdanganya mtu: hakuna atakayetengeneza kubiti kutokana na pumba, kwa kuwa jivu lake lina potasiamu, chuma na takataka nyingine, na kuzisafisha ni gharama kuliko kuanza na kwatzi. Faida ya karibu ya jivu hilo ni kuchanganywa na saruji. Hata hivyo atomu ni zilezile.

Nani ana silikoni safi zaidi?

Mei 2024 magazeti ya Uingereza na Australia yalitangaza kwamba silikoni safi kuliko zote duniani imetengenezwa Manchester. Timu iliongozwa na Richard Curry wa Chuo Kikuu cha Manchester na David Jamieson wa Chuo Kikuu cha Melbourne. Walichukua kipande cha silikoni ya kawaida, wakaelekeza juu yake mwale mwembamba wa ioni za silikoni 28, wakaendelea kupiga mahali hapohapo hadi atomu zilizokuwepo zikasukumwa nje. Silikoni 29 ilishuka kutoka atomu 47,000 hivi katika kila milioni hadi 2.3 tu. Hiyo ni pungufu ya mara 20,000.

Ni kazi kubwa, ila kichwa cha habari kilivutwa kidogo. Mwaka 2014 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilikuwa imekwisha kutengeneza utando wa silikoni wenye silikoni 28 zaidi ya asilimia 99.9998, na silikoni 29 iliyobaki ilikuwa chini ya atomu moja katika milioni. Kwa usafi mtupu, Marekani ilitangulia. Ubora wa njia ya Manchester uko kwingine. Inasafisha mahali padogo panapotakiwa ndani ya chipu ya kawaida, bila kuhitaji fuwele nzima ya thamani kubwa kutoka Urusi, na mashine hiyohiyo inaweza kuingiza atomu ngeni mahali hapo. Kwa mtu anayetaka kujenga kompyuta, hiyo ina manufaa kuliko sifa ya usafi peke yake. Mimi ningeipa Manchester tuzo ya usafi unaotumika, na NIST tuzo ya usafi.

Kumbukumbu iliyodumu

Mwaka 2013 kundi la Mike Thewalt wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, pamoja na wenzao wa Oxford, lilichapisha katika jarida la Science rekodi ambayo bado inatajwa. Walitumia silikoni 28 iliyotiwa fosforasi, wakaing'oa elektroni ya tano, wakaachia kiini peke yake. Hali ya kwanta ilidumu dakika 39 katika joto la kawaida la chumbani. Katika baridi ya heliamu kimiminika ilidumu saa tatu. Kabla ya hapo, kudumu kwa sekunde chache katika joto la kawaida kulionekana kuwa mafanikio.

Inafaa kueleza mpaka wa rekodi hiyo. Viini vilivyotumika vilikuwa mabilioni, vyote katika hali moja, na kuviandaa na kuvisoma kulifanyika kwenye baridi kali. Ilikuwa ghala, haikuwa kompyuta. Mwaka uliofuata, 2014, Juha Muhonen, mtafiti wa baada ya uzamivu katika kundi la Andrea Morello mjini Sydney, aliongoza jaribio la kiini kimoja cha fosforasi ndani ya kifaa chenye waya na milango ya umeme. Kilihifadhi taarifa kwa zaidi ya sekunde 30. Kwa macho ya gazeti, sekunde 30 ni chache mbele ya dakika 39. Kwa mhandisi ni nyingi mno, kwa sababu ni atomu moja, unajua iko wapi, na unaweza kuiamuru.

Ndogo, nyembamba, ya haraka

Februari 2012 timu ya Michelle Simmons, Sydney, ilionyesha transista iliyojengwa kwa atomu moja ya fosforasi. Waliiweka kwa sindano ya hadubini inayoziona atomu mojamoja: uso wa silikoni ulifunikwa kwa haidrojeni, sindano ikaondoa haidrojeni mahali palipotakiwa, fosforasi ikaingia hapo na si kwingine. Usahihi wake ulikuwa wa nafasi moja ya atomu. Upande wa udogo sioni wa kuishinda.

Mwaka huohuo kundi hilo lilichora waya wa fosforasi ndani ya silikoni wenye upana wa atomu nne na unene wa atomu moja. Ulipitisha umeme ukiitii kanuni ya Ohm, ileile inayofundishwa kidato cha pili kwa betri na balbu. Mwaka 2019 wakaonyesha mlango wa mantiki kati ya elektroni mbili za atomu za fosforasi ukifanya kazi kwa muda wa nanosekunde 0.8.

Usahihi ulifuata. Januari 20, 2022, jarida la Nature lilichapisha kwa pamoja taarifa za makundi matatu yaliyovuka asilimia 99 ya usahihi kwa kubiti mbili za silikoni: Sydney asilimia 99.37, Japani asilimia 99.51, Delft asilimia 99.65. Asilimia 99 ina maana ya pekee, kwani karibu na hapo ndipo makosa ya mashine yanapoanza kuweza kusahihishwa na mashine yenyewe. Waliotumia atomu za fosforasi ni Sydney peke yao. Wengine walizinasa elektroni ndani ya vishimo vya umeme.

Baridi, na gesi iliyoko kwetu

Hapa rekodi zinarudi nyumbani.

Kubiti nyingi za silikoni hufanya kazi katika sehemu ya mia moja ya nyuzi moja juu ya sifuri halisi, ambayo ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Hakuna sehemu ya asili ulimwenguni tunayoijua yenye baridi hiyo. Hupatikana ndani ya jokofu linalochanganya aina mbili za heliamu, yaani heliamu 3 na heliamu 4. Mwaka 2020 makundi ya Sydney na Delft yalifanikiwa kuendesha kubiti kwenye nyuzi moja na kitu juu ya sifuri halisi, zikaitwa kubiti za moto, na zilistahili jina hilo, kwani ni joto la mara mia na zaidi. Hata hizo haziwezi kukosa heliamu.

Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba katika bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, kuna heliamu inayokadiriwa kuwa futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu moja tu ya bonde. Katika sehemu nyingi duniani heliamu hupatikana kama gesi ya ziada kwenye visima vya gesi asilia. Rukwa ilitafutwa kwa makusudi, kwa elimu ya miamba, na hilo lilikuwa jambo jipya. Maelezo yao yanagusa milima iliyo juu ya Kyela. Miamba ya kale imekuwa ikitengeneza heliamu kwa mamilioni ya miaka kwa kuoza kwa urani na thori, na joto la volkano za bonde la ufa ndilo linaloifungua ikatoka. Ukikaa karibu mno na volkano, kaboni dioksaidi inakuwa nyingi na heliamu inapotea ndani yake. Ndivyo ilivyo Rungwe, ambako gesi inayotoka karibu na volkano ya Kyejo hukusanywa na kuuzwa kama kaboni dioksaidi.

Lakini Rungwe ina rekodi yake. Mwaka 2011 David Hilton na wenzake walipima heliamu iliyonaswa ndani ya mawe ya volkano hizi. Uwiano wa heliamu 3 kwa heliamu 4 ulifika mara 15 ya ule wa hewa. Kiwango kama hicho, ambacho ni alama ya mata inayopanda kutoka vilindi vya dunia, hakikuwahi kuonekana kusini ya Turkana. Heliamu 3 ndiyo ile adimu inayohitajika kwenye majokofu ya kwanta. Asije mtu akauza shamba lake kwa habari hii: mara 15 ya kitu kilicho kidogo mno bado ni atomu mbili hivi kwa kila laki moja ya heliamu, na heliamu 3 ya maabara hutokana na kuoza kwa tritiamu iliyotengenezwa kwenye vinu vya nyuklia. Ni rekodi ya elimu, na kwa elimu ni kubwa. Chemchemi za maji moto zilizopangana kwenye ufa wa Mbaka, kati ya Kyejo na Kyela, ambazo leo zinatazamwa kwa ajili ya umeme wa jotoardhi, ni sehemu ya habari hiyohiyo.

Jina la Mtanzania katika kwanta

Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wake wa aiskrimu, uliowekwa kwenye friza ukiwa wa moto, umeganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alilishikilia swali lake hata alipochekwa. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Wanafizikia wanaendelea kubishana kuhusu maji. Katika kwanta, jambo lenyewe limepata nguvu mpya: mfumo ulio mbali zaidi na utulivu unaweza kutulia mapema kuliko ulio karibu. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, walichapisha jaribio lililoonyesha hali hiyo kwa ioni zilizonaswa, chini ya jina la athari ya Mpemba ya kwanta. Sijui jina jingine la Afrika Mashariki linalosomwa mara nyingi hivyo katika makala za kwanta za miaka hii.

Mpemba hakuwa na maabara ya mamilioni. Alikuwa na friza ya shule na swali.

Walio karibu na kazi hii

Nyeri, Kenya, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited imejenga chumba safi cha kazi za silikoni, jambo lisilo la kawaida katika ukanda wetu. Kigali kuna taasisi ya fizikia ya EAIFR, iliyoanza 2018 ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda kwa ushirikiano na kituo cha ICTP cha Italia, inayofundisha shahada ya uzamili na ya uzamivu, fizikia ya mata mango ikiwemo. ASESMA, shule ya Afrika ya kukokotoa tabia za mata kwa kompyuta, ilikutana Eldoret mwaka 2012 na imefika Kigali pia. Anayejifunza hapo hupiga hesabu ya atomu ya fosforasi ndani ya silikoni kwa kompyuta ya kawaida na intaneti, na hesabu hiyo ndiyo inayomtangulia mwenye mashine ya ioni kule Manchester.

Nafasi za utafiti wa baada ya uzamivu hutangazwa hadharani, na zinazotaka mtu wa silikoni iliyotiwa atomu ngeni huuliza mambo yanayoeleweka: shahada ya uzamivu katika fizikia, kemia au uhandisi wa mata, mkono uliozoea maabara, na uwezo wa kuandika. Ngazi hiyo huanzia mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Mwalimu wa fizikia wa Kyela asiye na kifaa chochote anaweza kuanza somo la semikonda kwa kiganja cha jivu la pumba na kidirisha cha sola kilichovunjika, akawaonyesha wanafunzi kwamba vyote viwili vina silikoni. Halmashauri, wazazi na wahitimu wa Kyela waliotawanyika Dar es Salaam na ng'ambo, changieni maabara za shule za sekondari za wilaya hii, kuanzia na zile za Ipinda na Matema, na mzipe kemikali na umeme wa uhakika kabla ya kuzipaka rangi.